Ulipomaliza kupiga picha, ulishuka?

Mwanzoni mwa Novemba 2025, siku chache baada ya intaneti kurudi, kijana mmoja wa mtaani kwetu alinijia dukani baada ya Swala ya Alasiri. Marehemu baba yake alikuwa rafiki yangu, hivyo huniita baba mdogo. Alirudishia mlango kwanza, kisha akatoa simu mfukoni na kunionesha picha moja.

Vijana wawili wamembeba mwenzao, mmoja ameshika mikono na mwingine miguu, wanakimbia naye. Shati la anayebebwa limelowa damu ubavuni. Nyuma yao kituo cha mabasi ya mwendokasi kinatoa moshi, na pembeni ya kituo yupo kijana mwingine ameinua jiwe, uso wake unaonekana wazi kabisa kama vile alikuja kwangu kupigwa picha ya pasipoti. Ni picha nzuri. Nasema nzuri kwa maana ya kazi yetu, Mwenyezi Mungu anisamehe.

"Baba mdogo, nifute au nibaki nayo?" aliniuliza.

Msomaji anajua hofu ile ilitoka wapi. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, maandamano na vurugu vilizuka Dar es Salaam na katika miji mingine, intaneti ikazimwa, na jioni ile ile wakazi wa jiji hili wakaamriwa wasitoke nje kuanzia saa 12. Watu walikufa. Intaneti iliporudi, simu zikapokea ujumbe wa kuonya dhidi ya kusambaza picha na video za kuzua taharuki au kudhalilisha utu wa mtu. Hapa mtaani kwetu kila mwenye simu akawa anafuta. Yupo jirani yangu aliyefuta mpaka picha za harusi ya binti yake, kwa pupa tu.

Nilipokaa kimya, kijana akaongeza: "Au nikate huku nyuma, abaki huyu aliyebebwa tu, kisha niitume?"

Nilimwomba anipe siku mbili. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu, na swali lake lilinigusa mahali ambapo nimekuwa nikipakwepa kwa miaka 13.

Mimi si mwandishi wa habari. Nina chumba kidogo hapa Kariakoo ambamo napiga picha za pasipoti, na Jumamosi na Jumapili nafuata harusi na maulidi. Wapo masheikh wanaosema kazi yangu yote ni haramu, nami sina elimu ya kubishana nao, ila hao hao huja kwangu msimu wa Hija ukikaribia. Hayo tuyaache. Ninachotaka kusema ni kwamba katika maisha yangu nimepiga picha za vurugu siku moja tu, na siku hiyo imenifunza zaidi ya miaka yote ya kazi.

Ijumaa ya Oktoba 19, 2012, wengi wa wasomaji wa safu hii wanaikumbuka. Wiki moja kabla, Oktoba 12, kule Mbagala, habari za mtoto aliyedaiwa kukojolea msahafu ziliwatoa watu majumbani, na siku ile makanisa kadhaa yalishambuliwa. Katikati ya wiki iliyofuata Sheikh Ponda Issa Ponda alikamatwa. Ilipofika Ijumaa, baada ya swala, makundi ya vijana yalijaribu kuandamana kudai aachiwe. Kariakoo ikafungwa. Maduka yaliteremsha milango ya chuma, mabomu ya machozi yakarindima, na wanajeshi wakaonekana mitaani pamoja na polisi.

Mimi nilikuwa kwenye roshani ya ghorofa ya pili, kwa jamaa yangu anayeishi barabara ya Msimbazi, na mkononi nilikuwa na kamera yangu ya harusi. Moshi ulikuwa ukipanda mpaka kwetu, tumefunga pua kwa vitambaa vyenye maji. Chini kijana mmoja alikuwa akikimbia, akajikwaa kwenye ukingo wa mtaro, kanzu ikamzonga miguu. Watu wawili wenye sare na virungu wakamfikia. Nilipiga picha 11. Najua ni 11 kwa sababu bado ninazo. Katika ile ya saba kijana anatazama juu, moja kwa moja kwenye kamera.

Nilimpa picha zile kijana mmoja aliyekuwa akiuza kanda na CD za mawaidha siku za Ijumaa. Nilimpa bure, lillahi. Haikupita muda ile ya saba ikawa imechapishwa kubwa na kubandikwa kwenye ubao nje ya msikiti, watu wanaisogelea, wanatikisa vichwa, wengine wanatoa takbira. Mimi nikisimama nyuma yao nilijisikia kama mtu aliyetoka vitani. Sitaki kujipamba mbele ya msomaji, nilijisikia hivyo hasa. Nilijiona nimetoa ushahidi wangu, na hesabu yangu kwa Mola wangu katika kadhia ile imefungwa.

Kisha akaja mama yake.

Alikuwa mama wa makamo, amevaa baibui, na nilipomkaribisha kiti hakukaa. "Wewe ndiye uliyempiga picha mwanangu?" Nikamjibu, "Ndiyo, mama." Nilidhani amekuja kunishukuru.

"Ulikuwa wapi?"

Nikamwambia nilikuwa juu, roshanini.

"Mwanangu, ulipomaliza kupiga picha, ulishuka?"

Sikushuka. Ngazi za nyumba ile hazizidi 30. Alinieleza kwamba wale watu walipomwacha, mwanawe alilala pale mtaroni mpaka muuza kahawa mmoja alipomvuta kwa makwapa hadi uchochoroni na kumwosha macho kwa maji ya kuoshea vikombe. Muuza kahawa hakuwa na kamera. Mimi wakati huo nilikuwa nimeinamia kioo cha nyuma cha kamera, natazama kama picha zimetoka vizuri.

Swali la pili lilikuwa gumu zaidi. Kijana alikuwa ameshitakiwa. Mwanasheria waliyemtafuta alikuwa ameiona ile picha ubaoni, akawaambia kwamba picha haipandi kizimbani peke yake. Anatakiwa mtu aliyeipiga asimame, aape, aseme ilikuwa siku gani, saa ngapi, alisimama wapi na aliona nini kabla na baada. "Sasa utakuja?" mama aliniuliza.

Nikamwambia kadi ya kamera imeharibika.

Alinitazama kwa muda. Kisha akasema, "Basi ile ya msikitini iondoeni. Mwanangu si tangazo." Akatoka. Kesi ile iliishaje si haki yangu kueleza hapa. Itoshe kwamba iliendelea na kumalizika bila mimi.

Hebu tuliangalie jambo hili kwa utulivu, kwa sababu naamini kosa langu ni kosa la wengi, na tangu simu zilipopata kamera limekuwa kosa la karibu kila mtu. Tunabishana kama ni halali au si halali kupiga picha za maandamano na damu. Upande mmoja unasema picha zinachochea. Upande mwingine unasema picha zinafichua dhulma. Zote mbili ni kweli, na mjadala huo hautaisha leo wala kesho. Lakini pande zote mbili zimekubaliana katika jambo moja ambalo si kweli, nalo ni kwamba picha ni shahidi. Shahidi ni mtu. Picha ni kitu anachokuja nacho shahidi, kama vile mtu aletavyo shati lenye damu au mpini wa kisu. Shati halijui lilipasuliwa na nani. Likibaki peke yake kila mtu atalisemea apendavyo.

Ndiyo maana katika sheria yetu kadhi haulizi tu kilichosemwa, anauliza nani amesema, na watu wanamjuaje. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, iliyomo Suratul-Baqara, inahusu kuandikiana deni. Humo, pamoja na kuwepo kwa maandishi, bado mashahidi wanatakiwa, na wanaoitwa kutoa ushahidi wamekatazwa kukataa. Nimeisikia aya ile ikisomwa mara nyingi sana, na sikuwahi kujiuliza kwa nini karatasi haikutosha. Nilijiuliza baada ya yule mama kutoka dukani kwangu. Karatasi haitoshi kwa sababu karatasi haiogopi. Anayeogopa, na pamoja na hofu yake akasimama, huyo ndiye neno lake lina uzito.

Huko Thailand kuna picha moja mashuhuri ambayo kila nikiikumbuka najikumbuka mwenyewe. Oktoba 6, 1976, mjini Bangkok, askari pamoja na makundi ya raia waliwavamia wanafunzi waliokusanyika Chuo Kikuu cha Thammasat na kuwaua wengi. Mpiga picha wa shirika la habari la Associated Press, Neal Ulevich, alipiga picha ya maiti iliyotundikwa mtini katika uwanja ulio jirani na chuo, na mtu amenyanyua kiti cha kukunja anaipiga nacho. Ukiitazama kwa haraka unaona maiti na kiti. Ukitulia unaona watazamaji. Wamesimama duara, wamejaa, na miongoni mwao yumo mtoto anayecheka.

Picha ile ilipata tuzo ya Pulitzer mwaka 1977, tuzo kubwa kabisa ya uandishi wa habari kule Marekani. Mwaka 1978 serikali ya Thailand ikapitisha sheria ya msamaha kuhusu tukio lile, na hakuna hata mmoja aliyefikishwa mahakamani kwa mauaji yale. Dunia nzima imemwona yule mwenye kiti. Wamemwona wale waliosimama duara, ambao bila shaka baadhi yao walikuwa wanamjua kwa jina na mahali anapoishi. Mpiga picha alifanya kazi yake na akaitoa kwa jina lake. Waliokaa kimya ni wale waliokuwamo ndani ya picha.

Hapa kwetu tunayo ya Daudi Mwangosi. Alikuwa mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari Iringa. Septemba 2, 2012, mwezi mmoja na nusu tu kabla ya ile Ijumaa ya Kariakoo, aliuawa kwa bomu la machozi lililofyatuliwa karibu na mwili wake katika kijiji cha Nyololo, wilayani Mufindi, kwenye shughuli ya chama cha CHADEMA. Picha zinazomwonesha amezongwa na askari zilienea nchi nzima ndani ya siku chache. Hukumu ya askari mmoja, kifungo cha miaka 15 kwa kosa la kuua bila kukusudia, ilitoka Julai 2016, karibu miaka minne baadaye. Mimi nilikuwa nimeziona picha zile magazetini, nikamlilia mtu nisiyemjua, nikasema bila wapiga picha tungedanganywa. Na ni kweli tungedanganywa. Lakini sikujua kwamba wiki chache tu baadaye ningeulizwa swali dogo zaidi ya lile walilojibu waandishi wenzake, na nikashindwa.

Sasa chukua kinyume chake. Januari 2001, Unguja na Pemba, waandamanaji wa CUF walipigwa risasi, na watu wapatao 2,000 wakakimbilia Kenya, wengi wao wakafikia Shimoni. Picha za siku zile ni chache mno. Hakukuwa na simu zenye kamera. Pamoja na hayo shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti mwaka 2002 na kuandika kwamba waliouawa hawakupungua 35. Waliipataje? Walikaa na watu, wakawauliza, na watu wakasema. Mke alisema, jirani alisema, aliyebeba majeruhi alisema. Na kwa Mwembechai, mauaji ya Februari 1998, msomaji wa gazeti la Kiislamu hahitaji kukumbushwa: ni kitabu cha Hamza Njozi kilichotoka mwaka 2000 kilichoyaweka, na kitabu kikapigwa marufuku. Kitabu chenye jina la mwandishi juu ya jalada.

Najua nitaambiwa ni rahisi kusema hayo ukiwa umekaa dukani. Shahidi anapotea. Shahidi anafukuzwa kazi. Watoto wake wanasemwa shuleni. Sina jibu la kuiondoa hofu hiyo, na mimi ni mtu wa mwisho mwenye haki ya kumlaumu anayeogopa. Ninachoweza kusema ni kwamba aya ile ile ya Suratul-Baqara iliyomkataza shahidi asikatae imekataza pia mwandishi na shahidi kudhuriwa. Wajibu ni wa pande mbili. Jamii inayodai ushahidi bila kumlinda shahidi imechukua nusu ya aya. Baada ya Oktoba 2012 tulichangishana fedha za mawakili, na tulifanya vyema. Sikumbuki tukichangishana kwa ajili ya mtu atakayesimama kusema niliona.

Lakini sijamaliza kujishitaki, kwa sababu lipo jambo ambalo yule mama hakulijua.

Kabla ya yule kijana kuanguka, labda robo saa kabla, daladala moja ilikuwa imekwama barabarani chini ya roshani ile ile. Dereva alikuwa anajaribu kugeuza. Vijana wetu, na nasema wetu kwa sababu baadhi yao nilikuwa nimeswali nao safu moja mchana ule, walianza kurusha mawe. Sijui walimlenga nani. Kioo cha dirisha kikapasuka na mwanamke aliyekaa dirishani akashika paji la uso, damu ikapita katikati ya vidole vyake. Meza ya mchuuzi wa soksi ikapinduliwa, soksi zikakanyagwa kwenye maji ya mtaro. Kamera ilikuwa mkononi mwangu, imewashwa. Niliinua, nikatazama kupitia kioo chake, nikaona kila kitu kimekaa sawasawa, mwanga mzuri. Nikaishusha.

Hakuna aliyenikataza. Kidole kilikataa chenyewe, na mimi nikakitafutia sababu: hawa ni wetu, wamechokozwa, na picha hii ikitoka itawapa maadui la kusema.

Suratun-Nisaa inatutaka tuwe mashahidi wa haki japo dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Hapa hatujaambiwa tuwe mashahidi wa kundi letu. Kwa hiyo zile picha zangu 11, ambazo kila moja ni ya kweli, zikiwekwa pamoja ni uongo. Mtu akiulizwa ile Ijumaa ilikuwaje, akatazama picha zangu, ataona siku ambayo mabaya yote yalitoka upande mmoja. Yule mwanamke wa daladala hayumo. Mwenye soksi hayumo, wala mtaji wake, ambao nadhani ulikuwa wote pale mezani. Kama alikuwa Muislamu au Mkristo sijui, na aibu yangu ni kwamba kwa siku kadhaa nilijiuliza swali hilo, kana kwamba jibu lingebadilisha chochote.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini yule kijana aliposema "nikate huku nyuma" moyo wangu ulishituka. Alitaka kukata kituo kinachoungua na kijana mwenye jiwe, abakize majeruhi. Mimi mwaka 2012 nilikata kabla ya kupiga. Tofauti yetu ni hiyo tu.

Lakini pana kizuizi hapa, na kwa uaminifu sina budi kukieleza. Tumefundishwa sitara. Anayemsitiri nduguye naye atasitiriwa. Je, kumpiga picha kijana mwenye jiwe si kumfichua? Na picha ile ikianguka mikononi mwa mtu mwenye hasira, au mwenye cheo anayetafuta wa kumkamata, si nimemwuza? Nilimwuliza ustadh mmoja ninayemheshimu. Akanijibu kwamba sitara ni kwa dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake, na kwa mtu aliyeteleza na kujirudi. Likiwa limeingia jicho la mtu au mali ya mtu, hapo pana haki ya mwingine, na huwezi kumsitiri mmoja kwa ngozi ya mwenzake. Nikaona sawa. Halafu nikamwuliza: na kama anayepokea ushahidi naye si mwadilifu? Kama kwa jiwe moja kijana atapata adhabu ya kumaliza ujana wake, na aliyempiga yule wa kanzu hata hajulikani jina? Ustadh alinyamaza muda mrefu, akasema, "Hapo unaniuliza habari za watawala, na wewe umeniuliza mwanzo habari za picha." Tukacheka kidogo, lakini swali lilibaki palepale, na mpaka leo lipo.

Ninachokiona, kwa ufahamu wangu mdogo, ni kwamba kuna tofauti kati ya kuutunza ushahidi na kuumwaga. Mwosha maiti anatusaidia hapa. Yeye huona kila kitu. Huona kovu, huona ugonjwa, huona yale ambayo hata mke hakuyaona, na adabu ya kazi yake ni kutoka pale akiwa amefunga kinywa. Lakini mwosha maiti akikuta tundu la risasi mgongoni? Akinyamaza atakuwa amesitiri nani, maiti au muuaji? Naamini wajibu wake ni kusema, tena kwa anayestahili kusikia: kwa wenye maiti, kwa daktari, kwa hakimu. Hapaswi kupiga picha ya mgongo ule na kuituma kwenye kila simu ya mtaa, ili watoto wa marehemu waione wakiwa wanakunywa chai. Yule wa kanzu aliyetazama juu alikuwa hai, lakini nilimfanyia hivyo hivyo. Nilimwaga ubaoni, na palipohitajika kusema nikasema kadi imeharibika.

Kwa hiyo siku mbili zilipopita kijana wangu aliporudi sikumwambia afute, wala sikumwambia atume. Nilimwambia kuna mambo nataka kujua. Je, alipomaliza kupiga, alifanya nini? Akanijibu kwamba aliweka simu mfukoni akawasaidia kumpandisha yule majeruhi kwenye bajaji, na akanionesha kiatu chake, mshono bado una weusi. Nilifurahi kuliko nilivyomwonesha. Je, anamjua yule majeruhi? Hamjui, ila dereva wa bajaji anamkumbuka. Basi, nikamwambia, mtafute, kwa sababu picha hii kwanza ni yake na watu wake, kabla haijawa yako wala ya dunia. Je, yupo tayari picha ibaki nzima, na moshi wake na jiwe lake? Hapa alinyamaza. Akasema, "Yule mwenye jiwe namjua, baba mdogo." Nikamwambia nilishadhani hivyo.

Hatukuikata. Hatukuituma pia. Tuliihamishia mahali pengine, simu ikabaki haina kitu. Kisha nikatoa daftari la shule, nikamwambia aandike kwa mkono wake: tarehe, saa kwa kadiri anavyokumbuka, alisimama wapi, uso wake umeelekea wapi, alisikia nini kabla, nani alianza kukimbia, kituo kilianza kuwaka kabla au baada ya milio, na alichofanya mwenyewe. Aliandika kurasa tatu. Anaandika vizuri, kumbe. Jina la mwenye jiwe hakuliandika, nami sikumlazimisha. Ameandika tu kwamba alikuwapo na alichokifanya. Labda ustadh wangu atasema tumefanya nusu.

Mwishoni nilimwambia aweke jina lake na sahihi. Alishika kalamu muda mrefu. Nje wauza maji walikuwa wanapita na mikokoteni, sauti zikipanda na kushuka, na adhana ya Magharibi ilikuwa karibu. Akaifunga kalamu na kusema, "Hili nitakuja kuliandika, Inshaallah."

Sikumhimiza. Alipoondoka nilichukua lile daftari, nikafungua ukurasa mpya nyuma yake, nikaandika Oktoba 19, 2012. Nimeanza na daladala. Nimeandika rangi ya soksi. Nimefika mahali kijana wa kanzu anapojikwaa, na bado naendelea. Yule mama nimeulizia anakaa wapi siku hizi. Nimeambiwa amehamia Mbagala, na Jumapili nitakwenda kumtafuta, nikiwa na ile kadi.